Kutumia vipimo vya hulka katika kuchagua kazi: mwongozo kwa wahitimu wa kidato cha nne mkoani Tabora

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne ukishakwisha Novemba, vijana wa Tabora hukaa nyumbani wakisubiri matokeo ambayo kwa kawaida hutoka Januari, na yakishatoka husubiri tena kwa miezi kadhaa hadi nafasi za kidato cha tano na vyuo zitangazwe. Katika kipindi hicho kirefu wengi hukutana mtandaoni na vipimo vinavyoahidi kuwaambia wao ni watu wa namna gani na wanafaa kazi gani. Kijana hujibu maswali, hupewa herufi nne pamoja na orodha ya kazi, na wapo ambao huondoka hapo wakiwa wameshaifuta ndoto ya ualimu au ya uuguzi kwa sababu simu imewaambia kwamba wao ni wakimya.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kijana huyo, mzazi wake, na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwake. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime: kipimo cha hulka kina faida ndogo lakini ya kweli, na faida hiyo hupatikana pale kinapomtoa kijana nyumbani kwenda kuitazama kazi ikifanywa. Kikimfungia mlango wa kazi ambayo hajawahi kuiona, kimemdhuru.

Hatua ya kwanza: tambua ni kipimo gani ulicho nacho

Vipimo vinavyozagaa mtandaoni hufanana kwa sura, lakini asili zake ni tofauti, na asili hiyo ndiyo inayopaswa kuamua utaviamini kwa kiasi gani. Vipo vya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la herufi nne, na kinachojulikana zaidi humo ni kipimo cha Myers-Briggs. Chimbuko lake ni mawazo ya Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, ambaye mwaka 1921 alichapisha kitabu chake kuhusu aina za hulka. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni, waliyachukua mawazo hayo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakayageuza kuwa maswali, wakiwa na nia njema ya kuwasaidia watu wapate kazi zinazowafaa. Kipimo hicho humweka kila mtu upande mmoja au mwingine mara nne: E kwa anayepata nguvu akiwa na watu au I kwa anayeipata akiwa peke yake, S kwa anayeshika mambo yanayoonekana au N kwa anayefuata maana na uwezekano, T kwa anayeamua kwa hoja au F kwa anayeamua kwa kujali hisia na thamani za watu, J kwa anayependa mambo yapangwe na kumalizika au P kwa anayependa kuyaacha wazi. Ukichanganya herufi hizo unapata aina 16.

Udhaifu wake mkubwa uko hapo hapo kwenye kugawa. Hulka za watu zimekaa kama vimo vyao: wachache ni warefu sana, wachache ni wafupi sana, na walio wengi wako katikati. Anayewagawa watu wote kuwa warefu au wafupi atawatenganisha wawili wanaopishana kwa ukucha na kuwaweka pamoja wawili wanaopishana kwa mkono mzima. Ndiyo maana tafiti zilizowapima watu wale wale mara mbili kwa muda wa wiki chache tu zimekuta sehemu kubwa yao, na katika baadhi ya tafiti karibu nusu, wakiwa wamebadilika angalau herufi moja. Hata wanaokimiliki kipimo hicho husema wazi kwamba si haki kukitumia kuchuja waombaji wa kazi. Basi mwajiri, mfadhili au taasisi yoyote ikikutaka herufi zako nne ili ikukubali au ikukatae, inakifanyia kipimo hicho jambo ambalo wenyewe wamelikataza.

Kundi la pili ni la sifa tano kuu: upokeaji wa mambo mapya, umakini katika kutimiza wajibu, uchangamfu, upole katika kuishi na wenzako, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hapa hugawiwi pande mbili. Unapewa alama katika kila sifa, kwa hiyo aliye katikati huambiwa kwamba yuko katikati. Wanasaikolojia wengi wanaofanya utafiti wanaliamini kundi hili kuliko la herufi nne. Mwaka 1991 Wamarekani wawili, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia na kuonyesha kwamba umakini katika kutimiza wajibu ndio sifa iliyohusiana na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi waliyoichunguza, kuanzia polisi na wauzaji hadi mafundi na wataalamu. Uhusiano wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa wastani mdogo, kiasi cha 0.2 kwenye kipimo ambacho kilele chake ni 1. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa mno ya kinachomfanya mtu afanye kazi vizuri iko nje ya alama hiyo: mafunzo aliyopata, vifaa, msimamizi wake, afya yake na juhudi zake.

Zingatia pia kwamba sifa hii haimwambii mtu aende wapi. Kama umakini unafaa kila kazi, basi kuwa nao hakukuelekezi kwenye udaktari wala useremala. Kunakuambia tu kwamba popote utakapokwenda, tabia ya kufika kwa wakati na kumaliza ulichoanza itakubeba.

Kundi la tatu hupima mapendeleo ya kazi badala ya hulka kwa ujumla, na kwa mtu anayechagua kazi hili ndilo lenye manufaa zaidi. Msingi wake uliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, mwaka 1959. Aliyapanga mapendeleo katika mafungu sita, ambayo hutajwa kwa herufi R, I, A, S, E na C: kazi za mikono na vifaa, kazi za uchunguzi, kazi za sanaa na ubunifu, kazi za kuhudumia na kufundisha watu, kazi za kushawishi na kuongoza, na kazi za utaratibu wa kumbukumbu na hesabu. Mwaka 2012 watafiti waliokusanya tafiti za zaidi ya miaka 60 walionyesha kwamba mtu ambaye mapendeleo yake yanalingana na kazi au masomo yake huelekea kufanya vizuri zaidi na kudumu zaidi. Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa bure mtandaoni kipimo cha namna hii, O*NET Interest Profiler, chenye maswali 60, kumi kwa kila fungu. Kama bando lako linatosha kipimo kimoja tu, fanya hicho.

Usilipie kipimo. Anayekuja shuleni au mtaani kuuza vipimo kwa wanafunzi, huku akidai kwamba matokeo yake yatakuonyesha kazi uliyoumbiwa, anauza kitu ambacho hakipo. Kwa sababu hiyo hiyo usijaze namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu ya mzazi, wala taarifa za afya kwenye tovuti usiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini taarifa ikishatoka nje ya nchi ni vigumu sana kuirudisha.

Hatua ya pili: jibu ukiwa peke yako, katika lugha unayoielewa

Hatua hii wengi huipita haraka, na kwa maoni yangu ndipo matokeo mengi yanapoharibikia.

Vipimo hivi vilitungwa na kusawazishwa kwa watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliotazama majibu ya maswali ya sifa tano kuu katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, na watafiti wakakuta kwamba mara nyingi maswali hayo hayakupima yaliyokusudiwa. Sababu mojawapo waliyoieleza ni mazoea ya mjibuji kuikubali kila kauli anayosomewa, hasa anapohojiwa ana kwa ana. Sisi tuliolelewa kwa adabu tunaelewa jambo hili bila kufafanuliwa sana. Mtu mzima akikuuliza jambo, jibu lililo jepesi mdomoni ni "ndiyo".

Kwa hiyo usijibu sebuleni huku baba akitazama, wala usimwachie kaka yako akusomee maswali na kukujazia. Chukua daftari, kaa mahali tulivu, andika kila kauli kwa Kiswahili chako mwenyewe kabla ya kuijibu. Kauli ikitaja jambo ambalo halimo katika maisha yako, itafutie linalolingana nalo. Swali linalouliza kama unapenda kuzungumza na wageni kwenye tafrija, kwa kijana wa Isevya au Ng'ambo, ni swali kuhusu harusi ya mtaani au siku ya msiba: je, huwa unazunguka ukiwapokea watu usiowajua, au unajitafutia kazi ya jikoni ambako mtakuwa wawili watatu? Jibu hilo ndilo linalotafutwa.

Kisha jihadhari na kauli zinazohusu ukimya. Kunyamaza mbele ya wakubwa ni adabu tuliyofundishwa, na binti hufundishwa zaidi kuliko kaka zake. Binti anayekaa kimya baba mkubwa anapokuja nyumbani, lakini ndiye anayewaongoza wenzake kwenye kwaya au kwenye kikundi cha kujisomea, si mtu wa herufi I kwa sababu ya ule ukimya wa sebuleni. Unapojibu maswali ya namna hii, jifikirie ukiwa na rika lako, mahali ambapo hakuna anayekudai heshima.

Ili kujua kama umeangukia katika mazoea ya kukubali, fanya jaribio hili dogo. Chukua kauli tano ulizozikubali kabisa, uzigeuze kinyume, uziache kwa wiki moja, kisha uzijibu upya bila kutazama daftari. Kama ulikubali "Napenda kupanga kazi zangu mapema", jiulize sasa "Mara nyingi huacha kazi hadi muda ukaribie kwisha." Ukikubali zote mbili, jibu lako la kwanza lilikuwa la adabu, nawe urudie sehemu hiyo ukikumbuka mambo uliyoyatenda hasa: mara ya mwisho ulipopewa kazi ya nyumbani ya Jiografia uliianza siku gani?

Hatua ya tatu: soma matokeo kwa tahadhari

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha hulka, na baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo aliyoambiwa kuwa ni ya kwake peke yake. Aliwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi wake, na wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, ambayo Forer aliyaokota katika kitabu cha unajimu. Maelezo kama "una uwezo ambao hujautumia" au "wakati mwingine una mashaka kama uliamua vyema" yanamgusa kila mwanadamu.

Njia ya kujikinga ni rahisi. Soma maelezo uliyopewa, kisha soma na maelezo ya aina mbili au tatu ambazo hukupewa, na kwa kila sentensi jiulize kama ingemfaa pia jirani yako. Sentensi zinazowafaa wote zifute. Zikibaki chache zinazokuhusu wewe na zisizomfaa jirani, hizo ziandike daftarini, na kando ya kila moja uandike tukio moja la kweli linaloithibitisha au kuikanusha. Muonyeshe mtu anayekufahamu kazini, si mtu anayekupenda tu. Mwalimu aliyekusimamia kwenye bustani ya shule anajua mengi kuhusu umakini wako ambayo mama yako, kwa upendo wake, hatayasema.

Kama umetumia kipimo cha herufi nne, angalia idadi ya alama zilizokupa kila herufi. Ukikuta ulipata herufi fulani kwa tofauti ya alama moja au mbili, ihesabu herufi hiyo kuwa haipo.

Hatua ya nne: ondoa "sipendi" zisizo za kweli

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kipimo cha mapendeleo hukuuliza kama ungependa kupima kemikali maabara, kupanga bajeti ya kampuni, kubuni mandhari ya jukwaa au kutengeneza saketi za umeme. Kijana aliyesoma sekondari ya kata ambayo maabara yake haina vifaa, na ambaye hajawahi kuingia katika ofisi yoyote isipokuwa ya mtendaji wa kata, hujibu "sipendi" mara nyingi kwa sababu tu hajaviona vitu hivyo. Kipimo hakina namna ya kutofautisha chuki na ugeni. Vyote viwili huvihesabu kuwa alama ndogo. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo huambiwa anafaa kazi za mikono, na mtoto wa mhasibu wa mjini huambiwa anafaa uhasibu, na wote wawili huamini kwamba kipimo kimezisoma hulka zao, ilhali kimesoma tu walikolelewa.

Kwa hiyo, baada ya kumaliza, zipitie kauli zote ulizozikataa. Uliyowahi kuyafanya au kuyaona kwa karibu ukayachukia, yaache. Ambayo hujawahi kuyaona, yaandike kwenye ukurasa wake, na juu ya ukurasa huo uandike "Sijui". Ukurasa huu ndio mavuno makubwa ya kipimo chote, kwa sababu unakuonyesha ni wapi huwezi kuamua bila kwenda kuona.

Sasa ulinganishe ukurasa wa "Sijui" na Tabora yenyewe. Kwa kazi za mikono na vifaa kuna karakana za reli, ujenzi wa reli ya kisasa, na warsha za VETA. Kwa uchunguzi kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, nje kidogo ya mji, na maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Kwa sanaa kuna wachoraji wa mabango, mafundi cherehani wanaobuni mishono yao, na vituo vya redio. Kwa huduma kuna shule na zahanati katika kata nyingi. Kwa ushawishi na uongozi kuna wafanyabiashara wa asali na mazao, na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika. Kwa utaratibu wa kumbukumbu kuna masijala za halmashauri, benki, na makarani wanaosimamia mizani na vitabu siku ya soko la tumbaku. Kijana wa Kaliua au Sikonge asidhani kwamba ni lazima aje mjini. Nyingi ya kazi hizi zipo makao makuu ya wilaya yake.

Hatua ya tano: nenda ukaone

Chagua kazi tatu: moja ambayo kipimo kimekupendekezea, moja kutoka ukurasa wa "Sijui", na moja ambayo kipimo kimesema haikufai lakini moyo wako bado unaitaka. Hiyo ya tatu usiiache.

Omba ruhusa kwanza. Kwenye zahanati mwone mganga mfawidhi. Kwenye karakana, msimamizi. Ofisini, mtunza kumbukumbu au katibu muhtasi atakuelekeza. Maneno hayahitaji mapambo:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante, mama. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nafikiria kusomea uuguzi lakini sijawahi kuiona kazi yenyewe kwa karibu. Naomba ruhusa nikae hapa siku moja niwasaidie kufagia na kupanga benchi, huku nikitazama."

Ukikataliwa, shukuru uende kwingine. Mahali pa wagonjwa ruhusa inaweza kuishia kwenye sehemu za wazi tu, na utakayoyasikia humo kuhusu mgonjwa yeyote hayatoki nawe.

Chukua mfano wa binti ambaye simu imempa herufi I na kumwambia aepuke kazi za kukutana na watu wengi. Akikaa asubuhi moja kwenye kliniki ya watoto ataona kina mama wamejaa kwenye benchi, na mara ya kwanza atashtuka akadhani simu ilisema kweli. Akiendelea kutazama ataona jambo jingine. Muuguzi anaita mmoja. Mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa, anatundikwa kwenye mzani unaoning'inia kwenye boriti, analia, mama anamshika mguu; muuguzi anasubiri mshale utulie, anausoma, anaandika kwenye kadi na kisha kwenye rejista, halafu anainama na kumuuliza yule mama kwa sauti ya chini anamlisha nini mtoto. Kisha anaita mwingine. Kazi inayoonekana kuwa ya umati, kwa ndani ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sehemu yake kubwa ni kusoma, kuandika na kusikiliza. Mtu mkimya anayeandika bila kukosea ni hazina mahali hapo. Jambo hilo kipimo hakiwezi kulijua.

Na kinyume chake hutokea. Kijana aliyeambiwa anafaa kazi za nje na za mikono huvutiwa na ufugaji nyuki, na kwa Tabora, yenye misitu ya miombo na sifa ya asali, si wazo baya. Ataifurahia siku ya kurina, bomba la moshi mkononi. Lakini akikaa na wafugaji wanaoishi kwa kazi hiyo ataona pia siku za kuchuja, kupima unyevu wa asali kwa kifaa, kujaza chupa, kubandika lebo, kufuata taratibu za ubora na kubishana bei na mnunuzi. Akigundua kwamba upande huo unamchosha, bado anaweza kuipenda kazi hiyo ndani ya kikundi chenye mtu mwingine anayeyapenda masoko.

Ukiwa pale, usimuulize mtu kama anaipenda kazi yake. Atakujibu kwamba anamshukuru Mungu, na hutajua zaidi. Muulize jana alifanya nini tangu kufika hadi kuondoka. Muulize ni jambo gani katika kazi hiyo hakulitarajia alipokuwa chuoni, aliosoma nao wako wapi sasa, na alikaa muda gani kabla ya kupata ajira. Jioni, kabla ya kulala, andika mambo mawili: saa ambayo ulisahau kutazama muda, na saa ambayo ulitamani kuondoka. Andika pia ulikuwa unatazama nini katika saa hizo.

Hatua ya sita: linganisha na ufaulu, ada na nafasi zilizopo

Hulka ichague baina ya milango iliyo wazi. Kuifungua si kazi yake. Matokeo ya mtihani yakitoka, anza na masharti ya kujiunga. Kwa vyuo vya kati soma mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka husika, ambao hutaja kila kozi na ufaulu unaotakiwa. Kwa mfano, kozi za afya hudai ufaulu katika masomo ya sayansi kama Kemia na Baiolojia, na hakuna herufi za hulka zitakazoziba pengo hilo. Kwa kidato cha tano, kumbuka kwamba machaguo uliyojaza kwenye Selform shuleni yanaweza kurekebishwa mtandaoni katika muda ambao TAMISEMI hutangaza baada ya matokeo, na kwamba tahasusi zimeongezeka sana tangu mwaka 2024, hivyo usijifunge kwa PCB, EGM na HKL peke yake bila kuitazama orodha mpya.

Ndani ya Tabora penyewe kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tabora ambacho wengi wanakikumbuka kwa uhazili, chuo cha reli, Chuo cha Ualimu, VETA, na Chuo Kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo. Kusoma ukitokea nyumbani hupunguza gharama za chakula na malazi, na kwa familia nyingi hilo huamua zaidi ya kitu kingine chochote. Uliza ada halisi kwenye ofisi ya chuo, pamoja na michango, sare na vifaa vya vitendo. Ulizia pia Bodi ya Mikopo, ambayo mbali na shahada hukopesha wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada.

Ukikuta kozi mbili ambazo ufaulu wako unazimudu na mfuko wa nyumbani unaziweza, hapo rudi kwenye daftari la hatua ya tano uone ni ipi uliyoitazama bila kuchoka.

Hatua ya saba: peleka daftari kwa wazazi

Mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua kwa nini. Ukimwambia "simu imesema mimi ni wa aina fulani", atakukatalia, na sitamlaumu. Mwambie badala yake: "Baba, nilikwenda masijala ya halmashauri, nikakaa siku mbili. Nimeona jinsi faili linavyofunguliwa na kufuatiliwa. Nilikuwa naona muda unakimbia. Ada ni kiasi hiki, na sharti la kujiunga ninalo." Hata kama baba alitaka uwe mwanajeshi, sasa ana jambo la kulijadili nawe. Akikataa bado, mwombe mjomba au shangazi anayeheshimiwa nyumbani aje asikilize, na mpe daftari alisome kabla ya kikao.

Mzazi naye asikitumie kipimo kumnyamazisha mtoto. Nimeona daftari la kijana ambalo baba aliandika juu yake kwa wino mwekundu "HAFAI UALIMU", baada ya kusoma matokeo ya simu. Mtoto wa miaka 17 hajamaliza kuwa mtu. Mwaka 2006 watafiti waliokusanya tafiti 92 zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi walionyesha kwamba hulka huendelea kubadilika hadi utu uzima, na mabadiliko makubwa hutokea kati ya miaka 20 na 40: watu huzidi kuwa makini na watulivu kadiri wanavyobeba majukumu.

Kwa sababu hiyo, tunza majibu yako yote pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja chuoni au kazini, jibu kipimo kile kile upya kabla ya kufungua majibu ya zamani, kisha uweke kurasa mbili sambamba. Kauli zilizohama kutoka "Sijui" kwenda "napenda" au "sipendi" zipigie mstari, na kwa kila moja uandike ni kazi gani uliyoiona au kuifanya iliyoihamisha.